Ushauri: mradi wa chipu inayopangwa upya kwa mwanga

mwana_wa_Mkoani: Assalamu alaykum wakubwa. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho: leza ipige hologramu (mchoro unaogawa mwanga kuwa madoa), fotodiodi (vihisi mwanga) zipokee biti zote kwa mpigo, saketi igeuke kazi. Nataka kuipakia FPGA (chipu ambayo saketi yake hupangwa upya) ya iCE40 HX1K kwa njia hii. Nipo Pemba, vifaa vya kuagiza Unguja au Dar. Nianzie wapi?

Fundi_Mwembeladu: Waalaykum salaam. FPGA iweke kando, hiyo inataka biti zaidi ya laki mbili. Chipu zinazopangwa kwa mwanga za mtafiti Minoru Watanabe na wenzake kule Japani zina fotodiodi ndani ya silikoni yenyewe. Wewe jenga lango moja la mantiki: chipu ya 74HC153 ni jedwali la biti 4, ingizo mbili za lango huchagua biti ipi itoke. Ipe 0001 iwe AND (1 ingizo zote zikiwa 1), 0110 iwe XOR (1 ingizo zikitofautiana).

Kila biti ipe fotodiodi mbili za BPW34, ya "ndiyo" na ya "siyo", ziingie pande mbili za kilinganishi kimoja cha LM339 (huonyesha volti ipi ni kubwa), nacho kiipe 74HC153 biti hiyo. Usitegemee kizingiti kimoja cha volti: madoa ya mwanga yakipungua, kila doa linang'aa zaidi. Kwa jozi, kila biti ina doa moja, basi madoa ni 4 daima. Kathodi 5 V, anodi kwenye rezista ya 220k hadi ardhini. Na pini ya kutoa ya LM339 bila rezista ya 10k kwenda 5 V haipandi hata ufanyeje.

Leza_Pwani: Hologramu ikokotoe kwa FFT (hesabu ya Fourier ya kompyuta), chapisha kwenye transparensi (karatasi ya plastiki angavu) kwa printa ya leza, dpi 600. Picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, bila "fit to page", la sivyo printa itaweka vidoto vyake na huoni kitu. Kwa leza ya nm 650 na umbali wa m 2, picha ya madoa hujirudia kila mm 31 hivi, na nusu yake ni pacha iliyopinduka. Basi panga fotodiodi safu 2 za nne nne, ziachane mm 6, upande mmoja tu wa doa la kati (mwanga uliopita moja kwa moja). Doa hilo lizibe kwa utepe mweusi. Lenzi ya nini? Zungusha kichwa cha leza mpaka miale ikusanyike kwenye fotodiodi. Leza isizidi mW 5, na jicho lisikaribie.

mwana_wa_Mkoani: Ahsanteni. Na kubadili AND kuwa XOR?

Fundi_Mwembeladu: Leza mbili, kila moja na hologramu yake, zote zielekee fotodiodi zilezile. Usiziwashe pamoja, madoa yatachanganyika. Ukitaka lango libaki leza ikizimwa, tia 74HC175 (chipu ya kushika biti 4) kati ya LM339 na 74HC153.

Leza_Pwani: Masika transparensi hupinda, ibane baina ya vioo viwili. Fotodiodi zitie kwenye bomba jeusi. Mwanga wa dirishani ukipandisha pande zote mbili juu ya V 3.5, LM339 haiaminiki tena.