Kujitolea kufundisha Kiingereza Thailand: siku inakwendaje, na pesa inaishia wapi?

BintiKilosa:
Habari za humu. Nina diploma ya ualimu, Kiingereza na Historia, na huu ni mwaka wa pili nasubiri ajira. Nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja kwenye shule ya msingi ya kijijini, mkoa wa Khon Kaen, Thailand. Wananipa chumba na chakula cha mchana, basi. Mama anasema naenda kupotea. Aliyewahi kuishi huko aniambie ukweli.

TichaMagu:
Dada, nilikaa mkoa wa jirani miezi kumi na minne. "Ticha" ndilo jina nililorudi nalo.

Chakula hakitakutesa. Huko kaskazini mashariki, Isaan, wanakula wali wa kunata kutoka kwenye kikapu cha mianzi. Unamega, unafinyanga, unachovya, mkono uleule wa ugali. Shughuli iko kwenye kachumbari ya papai bichi yenye samaki wa kuvundikwa: wiki ya kwanza nilidhani kuna kitu kimefia chini ya meza, mwezi wa tatu nikawa naiulizia mwenyewe. Na wakikuuliza "kin khao rue yang", umeshakula?, hiyo ni salamu tu. Mimi nilijibu kwa uaminifu kwamba bado, nikalishwa nyumba tatu asubuhi moja.

Saa moja na nusu uko shuleni. Saa mbili kamili bendera na wimbo wa taifa, watoto kwenye mistari. Viatu unaacha nje ya mlango wa darasa, kwa hiyo beba soksi zisizo na matundu. Ukiingia wanasimama na kuimba "I'm fine, thank you, and you?" hata hujawauliza hali. Nje ya wimbo huo, kimya. Darasa la nne nilipigana wiki mbili na neno "rice". Wao mwisho wa neno wanakata, linatoka "lai". Mimi Msukuma, r na l zimenipiga chenga tangu utotoni, na mwishoni naongeza irabu: "laisi". Mwalimu na wanafunzi tukawa tunacheka, mchele umebaki pale pale.

Kilichonifurahisha ni saa zao. Saa moja usiku wao wanaita "nueng thum", yaani moja. Saa mbili ni "song thum", mbili. Zinakwenda sawa na zetu mpaka saa tano usiku! Wazungu tuliokuwa nao wanahesabu kwa vidole, mimi nishafika kwenye miadi. (Asubuhi usijaribu, huko hesabu ni nyingine.)

Sasa pesa. Makaratasi ndiyo yanayokula. Hata wa kujitolea anatakiwa kuwa na kibali cha kazi, asikudanganye mtu ukafundishe kwa viza ya utalii. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji. Kuripoti ni bure, ukichelewa faini baht 2,000. Kuongeza muda wa kukaa ni baht 1,900. Ofisi iko mjini na wewe uko kijijini, kwa hiyo unapanda songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili nyuma, halafu basi, halafu unaambiwa kopi moja haina sahihi. Waulize kwa maandishi nani analipa hayo yote, kabla hujakata tiketi. Kadi ya homa ya manjano kaa nayo mkononi.

MtuWaVoi:
Naongezea. Likizo ya Oktoba nilivuka daraja la Nong Khai kwenda Vientiane, viza ya Laos ninayo, najiona msafiri kweli. Kumbe ukitoka Thailand bila kibali cha kuingia tena, ruhusa yako ya kukaa inakufa hapo hapo mpakani. Ni baht 1,000 tu, nami nilizibania! Nilikaa Vientiane siku kumi na moja naomba viza upya, mwalimu mkuu ananipigia kuuliza darasa la sita namwachia nani.

BintiKilosa:
Asanteni jamani. La nani analipa nimewaandikia leo. Swali la kike: rasta na mafuta ya kujipaka vinapatikana? Na rangi yetu wanaichukuliaje?

TichaMagu:
Rasta beba za mwaka mzima, na ujue kujisuka. Mafuta pia beba. Dukani kijijini kwangu karibu kila chupa ilikuwa ya kung'arisha ngozi.

Rangi, watoto watakusugua mkono waone kama inatoka. Hilo halina neno. Lakini Mei, nina wiki mbili tu, mzazi mmoja aliuliza mbona shule haikuleta "farang", mzungu. Iliniuma, sikumwambia mtu. Juni ikafika siku ya wai khru, wanafunzi wanapomshukuru mwalimu. Mtoto wa mzazi yuleyule akanipigia magoti na sahani ya maua: ua la bilinganya, na pembeni ukoka. Ukoka huu huu tunaowakatia mbuzi Magu! Mwalimu mwenzangu akaniambia unawekwa kwa sababu ukikanyagwa bado unatambaa.

BintiKilosa:
Nimemsomea mama. Anauliza huyo mzazi aliwahi kuomba radhi? Na anasema samaki wa kuvunda nisimtumie hata picha.

TichaMagu:
Hakuomba. Alikuwa ananiletea maembe.