Kwa nini ardhi inatitia kando ya Bahari ya Chumvi ilhali maji yenyewe yanapungua?

Hujaji_wa_Moro:
Wanajukwaa, salaam. Nilikuwa miongoni mwa mahujaji wa kanisa letu waliokwenda Israeli, na tulipofika Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, tuliona eneo kubwa lililozungushiwa uzio, pamoja na vibao vya kuonya watu wasiingie kwa sababu ardhi yaweza kutumbukia wakati wowote. Mwongoza watalii alitueleza kwamba mashimo hayo hutokea kwa kuwa bahari inakauka na chumvi iliyo chini ya ardhi inayeyuka. Hapo ndipo nilipokwama. Chumvi huyeyushwa na maji. Maji yanapopungua, je, haikupaswa kubaki salama zaidi? Naomba pia kufahamishwa kama inawezekana kujua mapema mahali shimo litakapofunguka, na kama ule mpasuko uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, nchini Kenya, mwaka 2018 ni wa namna hiyo hiyo.

Mwamba_Tulivu:
Ndugu Hujaji, jambo la kuangalia ni aina ya maji yanayoondoka na aina ya maji yanayoingia mahali pake. Ukiendelea kutia chumvi katika sufuria ya maji, hufika wakati ambapo inabaki chini bila kuyeyuka, kwa sababu maji yameshiba. Maji ya Bahari ya Chumvi yana takriban gramu 340 za chumvi katika kila lita, karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, hivyo hayana nafasi ya kupokea nyingine nyingi. Kando ya ufuo, katika kina ambacho sehemu nyingi ni mita 20 hadi 50, limezikwa tabaka la chumvi lililoachwa na ziwa la kale yapata miaka 10,000 iliyopita, na tabaka hilo limedumu kwa sababu muda wote huo lilikuwa limezama katika maji yaliyoshiba.

Mambo yalibadilika pale Israeli, Yordani na Syria zilipochepusha maji ya Mto Yordani na mito inayouingia, huku viwanda vya potashi (chumvi ya kutengenezea mbolea) vya pande zote mbili, Israeli na Yordani, vikivukiza maji mengi katika mabwawa ya kusini. Uso wa bahari sasa hushuka zaidi ya mita moja kwa mwaka. Maji ya chumvi yanaporudi nyuma chini ya ardhi, maji matamu ya mvua, yanayoteremka kutoka milimani kupitia changarawe, husogea mbele na kulifikia tabaka lile kwa mara ya kwanza. Hayo hayajashiba kitu, na kila lita yake inaweza kubeba zaidi ya gramu 300 za chumvi. Pango linapanuka, dari lake la udongo na changarawe linaporomoka kipande kwa kipande kuelekea juu, na anayetembea juu yake haoni lolote mpaka dari limebaki jembamba kabisa. Mashimo ya namna hiyo yalianza kuonekana miaka ya 1980 na leo yanahesabiwa kwa maelfu. Ufuo wa Mineral Beach ulifungwa mwaka 2015 kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mwongozaji wenu alisema kweli, ila aliruka hatua ya katikati.

Jasi_na_Chokaa:
Naomba kuongeza kwamba chumvi haiko peke yake katika tabia hii. Jasi nayo ni mwamba ulioachwa na maji yaliyovukizwa, na ingawa lita moja ya maji huyeyusha gramu mbili na nusu tu za jasi, kiasi hicho ni kikubwa mno kikilinganishwa na mawe ya chokaa. Mji wa Ripon, kaskazini mwa Uingereza, umejengwa juu ya jasi. Karibu na mji huo bonge kubwa la jasi lilianguka katika Mto Ure na likayeyuka lote kwa muda wa miezi 18 hivi. Shimo lilifunguka karibu na kituo cha reli mwaka 1834, jingine likameza gereji za magari mwaka 1997, na jingine likatokea nyuma ya nyumba za watu mwaka 2016.

Kuhusu kutabiri: setilaiti zenye rada hupima ardhi iliyoshuka kwa milimita chache, na kando ya Bahari ya Chumvi mara nyingi dalili hiyo huonekana kabla ya shimo kufunguka. Siku ya kufunguka ndiyo isiyojulikana. Wahandisi wa Ripon, kwa maoni yangu, walifanya la busara zaidi: daraja la barabara ya mchepuko lilisanifiwa ili nguzo mojawapo ikipoteza msingi wake, daraja lisianguke.

Mwana_wa_Narok:
Mpasuko wa huku kwetu hauhusiani na chumvi wala jasi. Eneo la Suswa, ulikotokea mpasuko huo, limefunikwa na majivu ya volkeno yasiyoshikamana. Mvua kubwa za mwaka ule zilipita ndani ya nyufa zilizokuwapo na kuyasomba majivu hayo kama tope. Ni kusombwa, si kuyeyuka. Anayetaka miamba ya aina inayojadiliwa hapa aelekee Mandawa, kusini mwa pwani ya Tanzania, ambako jasi huchimbwa, na ambako visima vya kutafuta mafuta vilikuta tabaka nene za chumvi chini sana.

Hujaji_wa_Moro:
Nawashukuru, nimeelewa. Bado najiuliza: pango likishagunduliwa, kwa nini lisijazwe zege yakaisha?

Mwamba_Tulivu:
Kwa sababu zege huziba nafasi iliyopo, lakini haliyazuii maji, nayo hutafuta njia pembeni mwake na kuendelea kula mwamba uliobaki. Mfano mkubwa ni Bwawa la Mosul nchini Iraq, lililojengwa juu ya tabaka za jasi. Tangu lilipojazwa maji katikati ya miaka ya 1980, mchanganyiko wa saruji umekuwa ukisukumwa chini ya msingi wake mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo iliposimama wakati wa vita vya mwaka 2014, hofu ya bwawa kupasuka ilipanda kiasi kwamba kampuni ya Italia ilipewa mkataba mwaka 2016 kwenda kuiendeleza.