Yadi za matela Marekani: "SUV yako inavuta pauni 5,000" ni nusu ya habari, na nusu iliyofichwa ndiyo inayoua

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Uzi huu ni wa ndugu walioko Marekani, hasa wenye familia wanaojipanga kununua tela la kulala walivute kwa SUV ya safu tatu waliyonayo. Walioko Dar na Nairobi someni pia. Siku mtu wenu wa huku akiwatumia picha ya tela jipya, kabla ya kumpa hongera mwulizeni gari lake limeandikwa kubeba kiasi gani.

Tela nililonunua ni yale ya bodi ngumu katikati, na vitanda vya turubai vinavyofunguka mbele na nyuma mkishafika kambini. Likikunjwa ni fupi, likifunguliwa linalaza familia nzima. Ndiyo maana wauzaji wanalinadi kwa sisi wenye SUV za kati, kwamba limetengenezwa kwa ajili yetu. Pale yadini niliuliza waziwazi, mama watoto akiwa pembeni: gari hili, watu watano, milima ya Colorado, litaweza? Muuzaji akatazama kompyuta yake. Gari limepewa pauni 5,000, tela lina 3,900, kwa hiyo nimebakiwa na zaidi ya elfu moja. Akasogeza karatasi za kusaini.

Hiyo 3,900 (kama kilo 1,770) ni uzito wa tela tupu. Hakuna anayesafiri na tela tupu. Weka betri. Weka mitungi miwili ya gesi, kila mmoja ukijaa ni pauni 37 hivi. Jaza tangi la maji la galoni 30, hapo ni pauni 250 peke yake. Bado kiyoyozi, ambacho brosha nyingi hazikihesabu kwa kuwa ni cha kuongezewa. Bado sufuria, magodoro, chakula, viti, baiskeli za watoto. Nilipolipeleka mizani ya kituo cha malori likasoma pauni 4,760, yaani karibu kilo 2,160.

Mtakuja kuniambia bado ni chini ya 5,000. Hapo ndipo wanapotunasa wote.

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya pembeni. Kuna kibandiko chenye rangi nyeupe na njano kinachosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Changu kinasema pauni 1,165. Tela lenye ekseli katikati halikai nyuma ya gari bila kulilemea. Pua yake inakandamiza mpira wa kuvutia, na ili litulie barabarani uzito huo wa pua unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela zima. Yangu ilipimwa pauni 610. Hizo 610 zinaingia kwenye zile 1,165, kwa sababu ni gari linalozibeba. Familia yangu, mimi, mke na watoto watatu, ni pauni 570. Jumla 1,180. Yaani gari limeshapitiliza kabla sijaweka hata begi moja buti, na kabla ya kuhesabu vyuma vya kugawa uzito ambavyo yadi hiyohiyo iliniuzia, vyenye karibu pauni 80.

Kuna kibandiko kingine chini ya gari, pale chuma cha kuvutia kinapochomekwa. Changu kinasema pua isizidi pauni 500. Kwa hiyo ule uwezo wa kuvuta 5,000 unatimia tu pua ikiwa asilimia 10 kamili, pale mwisho kabisa wa usalama. Muuzaji wa matela, anayefunga vyuma hivi kila siku ya Mungu, atasema hajui hilo?

Ile 5,000 yenyewe inatoka wapi? Watengenezaji wengi hufuata kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kiitwacho J2807. Gari linapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona kwenye joto, kiyoyozi kikiwa juu kabisa, na kipimo ni kigumu kweli, sikidharau. Lakini ndani ya gari wanahesabiwa watu wawili, kila mmoja pauni 150. Wawili! Familia ya Kiafrika yenye watoto watatu na bibi aliyekuja kutembea haimo humo. Na kitabu cha gari, kile kinacholala kwenye droo, mara nyingi kinaweka pia mpaka wa ukubwa wa uso wa tela unaopambana na upepo. Uso wa tela langu ni ukuta. Kwa mwendo wa maili 65 kwa saa injini inasukuma upepo kuliko inavyovuta mzigo.

Sasa niwaeleze kilichonifanya niende mizani. Barabara ya I-70 kutoka Denver kwenda magharibi inapanda kutoka futi 5,280 hadi zaidi ya futi 11,000 kwenye handaki la Eisenhower. Huko juu hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu nyingi, gari likawa linanguruma gia ya chini na mshale wa joto unapanda. Hilo ningevumilia. Ukitoka handakini unashuka mteremko wa asilimia 7 kuelekea Silverthorne, mteremko wenye njia za dharura za malori yaliyokatika breki. Lori likanipita, upepo wake ukalisukuma tela, tela likaanza kupiga mkia na kuivuta nyuma ya gari kushoto na kulia. Watoto wakapiga kelele. Niliachia mafuta taratibu, sikugusa breki ya gari, nikabana kwa mkono kile kitufe cha breki za tela, likanyooka. Kwa anayevuta tela, hilo mlishike: ukikanyaga breki ya gari kwa nguvu tela linakukunja.

Nikawapigia simu yadi. Mnajua walinishauri nini? Nihamishie mizigo nyuma ya tela, pua ipungue! Ndugu zangu, hicho ndicho kinachozidisha kuyumba. Pua ikishuka chini ya asilimia 10, mkia ndio unaotawala. Mtu anayelipwa kamisheni ya kuuza matela anamwambia baba wa watoto watatu afanye jambo litakalompindua mlimani, na anasema kwa sauti ya upole kabisa. Nilipouliza kuhusu vile vyuma vyao, wakadai vinaongeza uwezo wa gari. Haviongezi hata pauni moja kwenye kile kibandiko cha mlango. Vinarudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele na kwenye matairi ya tela, basi, na kuna magari ambayo kitabu chake hakiruhusu vitumike.

Kwetu lori likitoka Dar na mzigo linapita mizani ya Vigwaza, likizidisha mwenye lori analipa. Hapa tela la familia halipimwi na mtu. Jimbo linadai tela la zaidi ya pauni 3,000 liwe na breki, na langu linazo, lakini hakuna anayemlazimisha muuzaji kusoma kibandiko cha mlango wa mteja kabla ya kuchukua pesa yake. Na msitegemee ile haki ya kughairi ndani ya siku tatu inayozungumzwa sana, haihusu gari ulilonunua yadini kwa muuzaji. Mimi wamenijibu kwamba nimesaini "kama lilivyo", na kwamba wako tayari kunisaidia kununua pikapu kubwa zaidi. Mkopo juu ya mkopo!

Ninachotaka ni walichukue tela lao kwa bei waliyoniuzia. Risiti za mizani ninazo, picha za vibandiko vyote viwili ninazo, na ujumbe wao wa kunishauri nihamishe mizigo nyuma nimeuhifadhi. Aliyewahi kuwasilisha malalamiko ya aina hii kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, hapa Colorado au kwingine, aseme alianzia wapi na alidaiwa nyaraka gani. Na kama unasoma hapa ukiwa umeahidiwa kusaini Jumamosi hii, niwekee namba ya kibandiko cha mlango wako, idadi ya watu mnaosafiri nao na uzito wa juu wa tela ulioandikwa na kiwanda, tupige hesabu hapahapa kabla hujatoa hata dola moja ya kutanguliza.