Hoteli ya watu wazima Unguja, chakula chote kimeshalipwa: tupangeje ili tufaidi?

Mama_Ujiji:
Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni kwa nyote. Watoto wetu wamechangishana wakatulipia, mimi na baba yao, mapumziko katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja ili tuadhimishe miaka thelathini ya ndoa yetu. Hoteli hiyo hupokea watu wazima peke yao, na bei iliyolipwa, kwa jinsi tulivyoelezwa, inajumuisha chumba, milo mitatu, vitafunio vya alasiri na vinywaji. Najua vijana hawa wamejinyima ili kuipata zawadi hii, kwa hiyo sitaki nusu yake ipotee kwa sababu tu hatukujua utaratibu.

Sisi hatutumii pombe, nami najiuliza kama sehemu ya fedha hiyo haitakuwa imekwenda bure. Mume wangu ana kisukari na anatumia vidonge, na nasikia kwamba katika hoteli hizi chakula huwapo karibu muda wote, jambo ambalo kwa mtu mwenye hali yake ni mtihani. Nimeambiwa pia kwamba ndani ya hoteli kuna migahawa kadhaa, na kwamba mingine mtu haingii hivihivi. Je, utaratibu wake ukoje, na hayo maneno "kila kitu kimelipwa" yana mipaka gani? Hapa Ujiji tumezoea ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, lakini tukiwa huko tungependa kula vya huko, na kuvila vizuri.

Jikoni_Mwanga:
Shikamoo mama, na hongereni sana. Nimefanya kazi katika majiko ya hoteli za Unguja kabla ya kurudi nyumbani Kigoma, hivyo nitaeleza mambo kama yanavyoonekana kutoka upande wa jikoni.

Anzeni na migahawa. Hoteli nyingi za aina hii huwa na ukumbi mkubwa wa bufee, ambao hauhitaji kuweka nafasi, na pembeni yake mgahawa mmoja au miwili midogo ambako mgeni huagiza kutoka kwenye menyu na kupikiwa chakula chake peke yake, iwe ni samaki, vyakula vya Kiitalia au vya Kihindi. Viti vya migahawa hiyo midogo ni vichache kuliko wageni, na mara nyingi kila chumba huruhusiwa kula humo jioni chache tu katika muda wote wa kukaa. Mgeni anayefika, akapumzika, akazunguka ufukweni, kisha akakumbuka kuuliza siku mbili baadaye, huambiwa kwamba meza zimejaa mpaka siku atakayoondoka. Kwa hiyo mkiwa bado mapokezi, wakati mnafungwa ile bangili ya mkononi inayowatambulisha kama wageni wa hoteli, ulizeni nafasi za jioni na mziandikishe palepale. Watoto wakiweza kuiandikia hoteli kabla hamjaondoka Kigoma, ni bora zaidi, na wasisahau kutaja kwamba ni kumbukumbu ya ndoa, kwa kuwa hoteli za watu wazima zimezoea wageni wa namna hiyo na baadhi yao huandaa keki au meza iliyopambwa bila malipo, ilimradi wajulishwe mapema.

Kuhusu mipaka, vitu ambavyo mara nyingi hulipiwa kando ni kambakochi, pombe kali za bei ya juu, chakula cha jioni kinachoandaliwa ufukweni kwa watu wawili peke yao, vinywaji vya ndani ya jokofu la chumbani na kuletewa chakula chumbani. Ombeni orodha hiyo kwa maandishi. Mkiletewa karatasi ya kutia sahihi mezani, isomeni kwanza, kwa sababu hoteli nyingi huitumia kwa kumbukumbu zao tu, lakini ikiwa na kiasi cha fedha mna haki kamili ya kuuliza kabla ya kuweka kalamu. Suruali ndefu na shati la heshima vinamtosha baba; kaptura na kandambili hukataliwa katika kumbi nyingi za jioni.

Ni kweli kwamba bei ya namna hii huhesabu pombe ndani yake, na mtu asiyekunywa humlipia anayekunywa. Watoto waulize kama hoteli hiyohiyo ina bei ya milo mitatu bila vinywaji, na kama tofauti yake inaweza kuhamishiwa kwenye chakula cha ufukweni au safari ya baharini. Wakikataliwa, tumieni haki yenu katika juisi za matunda, madafu, kahawa, chai ya viungo na maji ya chupa, ambavyo kwenye joto la pwani si vitu vidogo. Hata hivyo, mwambieni mhudumu tangu siku ya kwanza kwamba hamtumii kileo hata ndani ya chakula, kwa sababu sosi nyingi za nyama za mapishi ya Kizungu hutiwa mvinyo, na baadhi ya vitindamlo hutiwa pombe, wala kwa kutazama huwezi kujua. Asubuhi, ulizeni pia soseji ni za nyama gani.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kumuuliza mpishi kimeingia nini leo. Sisi wa Kigoma tunajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzisha taa zao, kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya samaki. Pwani ya mashariki ya Unguja hesabu ni nyingine kabisa: mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji hukupwa mbali mpaka miamba ikabaki wazi, na watu wa Paje, Bwejuu na Jambiani hutoka kwa miguu kuwachokoa pweza kwenye mashimo yao. Mkiangukia siku hizo, ombeni pweza wa nazi hata kama hayumo kwenye menyu. Pweza mzuri hupigwapigwa kwanza ili alainike, huchemshwa taratibu katika maji yanayomtoka mwenyewe, na tui zito huingia mwisho kabisa na kukorogwa bila kuachwa lichemke kwa nguvu, maana likiachwa hukatika na mchuzi ukawa na vipunje. Mkipewa ambaye uma unaingia bila kushindana naye, jueni kuna mtu jikoni aliyejali. Mpishi wa Kizanzibari aliyekaa mwaka mzima akikaanga viazi hufurahi sana kuombwa chakula cha kwao, na ninasema hivi kwa sababu nimesimama nao bega kwa bega.

Muuguzi_Isevya:
Salaam kutoka Tabora. Dada yangu, naomba niongezee upande wa shemeji yangu na kisukari chake.

Kabla ya kuondoka, mpelekeni kliniki anakohudhuria ili aulize kuhusu vidonge vyake na saa za kula, kwa sababu baadhi ya dawa za kisukari hushusha sukari kupita kiasi mtu akimeza kisha akachelewa kula. Hoteli nyingi hufungua chakula cha jioni kuanzia saa moja au saa moja na nusu, na mgahawa wa kuagiza unaweza kuchukua karibu saa nzima kabla sahani haijafika mezani. Akiwa amezoea kula mapema, chagueni nafasi ya kwanza kabisa ya jioni, na awe na kitu cha kutia mdomoni mfukoni mwake. Dawa zote azibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda kwenye buti la ndege.

Kwenye bufee, azunguke kwanza mikono mitupu aone kilichopo kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo achukue sahani. Nusu ya sahani iwe mboga na kachumbari, robo iwe samaki, kuku au maharage, na robo iliyobaki iwe wali, chapati au ndizi, kimoja kati ya hivyo na si vyote vitatu. Juisi ndiyo inayowaangusha wengi, hata isiyoongezwa sukari, kwa kuwa matunda manne au matano hukamuliwa katika glasi moja. Heri ale kipande cha papai na kunywa maji. Wakitembea pamoja ufukweni baada ya kula, sukari yake itatulia vizuri zaidi.

Kuna pia suala la usalama wa chakula chenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, kinachohitaji baridi kikae chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kwa mgeni hii ina maana moja rahisi: aingie bufee inapofunguliwa, si inapokaribia kufungwa, na apendelee vile vinavyopikwa mbele yake, kama mayai ya asubuhi na samaki wa kuchoma. Saladi yenye mayonizi iliyokaa juani mchana kutwa aipite.

Msafiri_Gongoni:
Naheshimu ushauri uliotangulia, lakini mimi nina mawazo tofauti kidogo. Ukikaa ndani ya ua wa hoteli kwa sababu tu chakula kimelipwa, utakula chakula cha Unguja kilichopunguzwa pilipili na ndimu ili kimfae mgeni kutoka Ulaya. Urojo wenye bajia, kachori, viazi na chatne ya nazi uliochanganywa mbele ya macho yako haupatikani kwenye bufee. Mimi ningeuacha mlo mmoja wa hoteli bila kusikitika, nikaenda Mji Mkongwe na jioni nikamalizia Forodhani, bustani ya kando ya bahari inayouzwa vyakula usiku.

Jikoni_Mwanga:
Ndugu yangu, kuhusu urojo umesema kweli tupu. Tatizo ni njia: kutoka Paje hadi mjini ni kama kilomita 50, na kurudi usiku kwa teksi kunaweza kugharimu zaidi ya mlo wenyewe. Watu wa Kigoma wanaofika kwa boti kutoka Dar es Salaam hushukia Malindi, bandari ya mjini Unguja, ambako Mji Mkongwe unaanza palepale bandarini. Vyumba vya hoteli nyingi hutolewa saa nane mchana, hivyo wakifika asubuhi wanaweza kula urojo wao mjini adhuhuri, kisha wakaelekea hotelini kwa wakati. Hawatakuwa wamepoteza mlo hata mmoja uliolipiwa.

Mama_Ujiji:
Nawashukuru sana, ndugu zangu. Kijana wetu mkubwa ameshawaandikia hotelini kuhusu meza za jioni, kileo na kisukari, na wamemjibu kwamba tofauti ya pombe hairudishwi ila watatuandalia chakula kimoja cha ufukweni bila malipo, nami nimeridhika. Nimebakiwa na maswali mawili. Siku ya kuondoka chumba tunakiacha saa nne asubuhi na boti yetu ni ya jioni. Je, chakula cha mchana bado ni chetu? Na bakhshishi, tuitoe vipi wakati kila kitu kimelipwa?

Jikoni_Mwanga:
Mama, chakula cha mchana cha siku ya kuondoka hutegemea hoteli. Baadhi hukata huduma chumba kinapokabidhiwa, na baadhi huendelea hadi adhuhuri, kwa hiyo kijana aulize hilo katika barua ileile na apewe jibu la maandishi. Wakikataa, waombeni usiku uliotangulia wawafungie kifungua kinywa cha kubeba, ambacho hoteli nyingi huwaandalia wageni wanaowahi safari.

Bakhshishi si lazima, na wala msitoe kila mlo. Toeni mwishoni, kwa shilingi, mkononi mwa mhudumu aliyewahudumia meza yenu, na nyingine mtie kwenye sanduku la pamoja lililopo mapokezi, kwa sababu hilo hugawanywa hadi kwa waosha vyombo na wapishi, watu ambao mgeni hawaoni kabisa. Na aliyewapikia pweza, muombeni mhudumu amwite atoke nje, mmshukuru kwa jina lake.