Bastola ndogo ya mfukoni kwa joto la Malindi: nichukue ipi?

Mnunuzi wa Gongoni

Assalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa nyote.

Mimi ni mnunuzi wa korosho na ufuta. Nazunguka Mambrui, Gongoni, mpaka Marafa, na wakulima wengi wa huko bado wanataka noti mkononi, hasa wazee. Cheti cha silaha ninacho. Nilipita kwenye ukaguzi ule wa wamiliki wote ulioamriwa mwisho wa 2018, nikatoka salama. Silaha yangu ni Ceska, CZ 75. Ni bastola ya kuaminika, lakini ni chuma kitupu, kilo moja na ushei kabla hujatia risasi. Kiunoni inataka mkanda mnene na shati pana juu yake au koti, na koti la nini Malindi mwezi wa Februari? Ikifika adhuhuri shati limegandana na mgongo, na mpini wote unaonekana umbo lake. Juzi muuza maji pale stendi alinitazama kiunoni kabla hajanitazama usoni. Hilo sikulipenda hata kidogo.

Nataka kuomba kibali nibadilishe nichukue ndogo ya kukaa mfukoni. Siku nyingi navaa suruali ya kaki, Ijumaa na kwenye shughuli navaa kanzu. Nimetajiwa nne: Ruger LCP, Glock 42, SIG P365, na rivolva ya Smith & Wesson ya risasi tano, 642. LCP nimeishika dukani Mombasa, nyepesi ajabu. Muuzaji aliisifu sana, lakini muuzaji ni muuzaji.

Naomba anayezijua aniambie: ipi itakaa mfukoni bila kujichora? Ipi itavumilia chumvi yetu hii? Na hiyo risasi ndogo ya .380, ya LCP na Glock 42, inatosha kweli au ni ya kujifariji?

Fundi Mstaafu, Shella ya Malindi

Wa alaykum salaam mwanangu. Kazi yangu ya utumishi ilikuwa ghala la silaha, kuzipokea, kuzisafisha, kuzikagua. Wewe umeuliza bastola, lakini niruhusu nianze na mfuko, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Bastola ya kiunoni ina ala na mkanda. Ya mfukoni watu huitumbukiza hivyo hivyo, pamoja na funguo za gari na sarafu za chenji. Ncha ya ufunguo ikiingia penye traiga, kile cha kufyatulia, risasi inashuka pajani, na pajani umepita mshipa mkubwa wa damu. Mtu huenda asifike hospitali akiwa hai. Kwa hiyo kabla hujalipa shilingi ya bastola, tafuta ala ya mfukoni: ngumu kiasi cha kutobonyezeka, ifunike traiga yote, na nje iwe na mkwaruzo wa kushikana na kitambaa, ili ukivuta itoke bastola peke yake na ala ibaki. Mfuko huo ni wa bastola tu. Usitie kalamu, usitie leso, hata tasbihi usitie. Na ukitaka kuirudisha, usiisukume ndani ya ala iliyoko mfukoni. Toa ala nje, ivishe bastola ukiwa unaiona kwa macho, ndipo urudishe vyote viwili. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu Glock 42 na LCP hazina sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ya pembeni ya kubonyeza kwa kidole. Ala ndiyo sefti yako ya nje.

Haya, sasa silaha zenyewe.

LCP ilitoka 2008. Tupu ina gramu 270 hivi, mtutu sentimita saba, magazini ya risasi sita. Katika hizo nne ndiyo inayopotea mfukoni kabisa, muuzaji hakukudanganya. Asichokwambia ni bei ya wepesi huo. Teke lote la risasi linaishia kiganjani, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na alama za kulengea za ile ya kwanza ni vijinundu tu, jioni huvioni. Mtu akiipiga magazini mbili mkono unamuuma, basi haendi tena kwenye shabaha, na silaha usiyoifanyia mazoezi haitakusaidia siku ya siku. Kuna LCP Max ya 2021, inabeba kumi na alama zake zinaonekana, uzito umeongezeka kidogo sana. Ukitaka jamii hiyo, tafuta hiyo.

SIG P365 ilibadilisha biashara nzima ilipotoka 2018. Kabla yake, bastola ya 9mm ya umbo dogo hivyo ilikuwa inabeba risasi sita au saba. Hii inabeba kumi. Lakini ni nusu kilo tupu. Kwenye suruali ya kaki yenye mfuko mpana inakaa, kwenye kanzu inavuta upande mmoja mpaka bega linashuka, na mtu mwenye jicho anajua.

Rivolva 642 naipenda kwa sababu moja: nyundo yake imefichwa ndani, hakuna ncha ya kunasa kitambaa wakati wa kuitoa. Traiga ndefu na nzito, haiendi kwa bahati mbaya. Haina magazini ya kuchoka springi. Ila lile gurudumu la risasi ni nene, linatokeza kwenye paja, na teke la risasi yake ya .38 kwenye kitu cha gramu 400 na kidogo si la mchezo.

Glock 42 ilikuja 2014. Gramu 390 hivi tupu, risasi sita, .380. Ni ndefu kuliko LCP kwa sentimita mbili. Jinzi ya kubana itaikataa, kaki yako itaikubali. Sentimita hizo mbili ndizo zinazokupa mpini wa kushika na teke la kuvumilika, hata mtu mzima anaweza kukaa nayo kwenye shabaha nusu saa bila kuchukia. Kwa kazi yako na mavazi yako, mimi ningechukua hii.

Kuhusu risasi. Hiyo .380 ni kazi ya John Browning, ya 1908, na askari kanzu wa Ulaya walibeba Walther PPK miaka na miaka, ama ya 7.65 ama ya hiyo hiyo .380. Si risasi ya kuchezea. Ni dhaifu kuliko 9mm ya Ceska yako, hilo kweli, lakini ikifika inapotakiwa inafanya kazi, na 9mm iliyopita pembeni haifanyi kitu. Ila angalia sana jina kwenye boksi. Ya .380 huandikwa pia 9mm fupi, au 9x17. Ya Ceska ni 9x19. Hazibadilishani, na risasi ulizo nazo nyumbani hazitaingia kwenye silaha mpya. Cheti chako kinataja silaha na aina ya risasi, kwa hiyo usinunue hata moja kabla Bodi ya leseni za silaha haijakubali mabadiliko. Na kabla hujaomba, muulize muuzaji kama .380 anayo mara kwa mara au huagiza. Bastola isiyopata risasi za mazoezi ni mzigo.

Chumvi nimeiacha mwisho makusudi, kwa sababu ndiyo inayoua silaha za Pwani. Kutu haianzi pale unapopatazama. Inaanza chini ya vibao vya mpini, kwenye kichwa cha skrubu, kwenye mfereji ule ilipopachikwa alama ya kulengea. Unaona kidoa cha kahawia kidogo kuliko punje ya mtama, unakipangusa, kesho kimerudi. Mfukoni ni pabaya kuliko kiunoni: jasho la paja, joto, na vumbi la nyuzi za kitambaa linalokunywa mafuta yote. LCP ile ya slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) nyeusi ya kawaida hushika kutu upesi ukiibeba hivyo. Slaidi ya Glock imetiwa dawa ya kuukomaza uso wa chuma, inastahimili vizuri, lakini springi na pini za ndani hazikutiwa dawa hiyo, kwa hiyo usilale. Kila usiku ukifika nyumbani: toa magazini, toa risasi chembani, pale nyuma ya mtutu inapokaa, tazama chembani kwa macho, tia kidole, tazama tena. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, kikaushe kidogo. Usinyunyize mafuta kwenye risasi, yanaweza kupenya nyuma yakaiua baruti. Na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inanyonya jasho na kulishikilia pale pale kwenye chuma.

Bi wa Mkomani, Lamu

Ami Fundi, Mungu akupe umri. Nami niongeze la mwanamke, maana huku hatusikilizwi.

Nina duka la vito na cheti changu mwenyewe. Vidole vyangu vina baridi yabisi. Bastola nyingi hizi ndogo zina springi ngumu kuliko kubwa, kwa sababu slaidi ni fupi na nyepesi. Nimezishika dukani nikashindwa kuvuta slaidi mpaka mwisho, na muuzaji akanambia nitazoea. Mkono wa baridi yabisi hauzoei. Nilichochukua ni Beretta Tomcat ya 7.65. Unabonyeza kijiti cha ubavuni, mtutu unainuka nyuma, unaiweka risasi ya kwanza kwa vidole, unaufunga. Slaidi huivuti. Na kuitoa risasi vile vile, unainua mtutu unaiona. Ni nene kwa udogo wake, Mnunuzi, na wewe mwenye mikono mizima huna haja nayo. Lakini kama kuna dada au mama anayesoma hapa, ajue ipo.

Jingine ni mkoba. Bastola ya mwanamke wote wanaifikiria mkobani, na mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa. Mimi fundi cherehani amenitilia mfuko wa kitambaa cha kaki kwenye gauni la ndani, upande wa kulia, na buibui limepasuliwa ubavuni mkono upite. Na nikivuka na boti kutoka Mokowe wakati wa kusi, maji yanaruka mpaka kifuani. Siku hiyo haingoji usiku. Nikifika nyumbani ndiyo ya kwanza kufunguliwa, hata kabla ya chai.

Dereva wa Sabaki

Kaka Mnunuzi, mimi naendesha pickup njia yako hiyo hiyo. Sikatai bastola, ila kuna kitu hakuna aliyekisema. Kaa kwenye kiti cha gari, funga mkanda, kisha jaribu kutoa kitu kwenye mfuko wa mbele wa suruali. Hata simu inakusumbua. Na wewe fedha unazibeba ukiwa wapi? Umekaa garini. Ya mfukoni ni ya mtu aliyesimama au anayetembea, kutoka gari hadi ghala, kutoka ghala hadi benki. Barabarani haikusaidii, na usijidanganye kuwa itakusaidia.

Nakuomba kwa heshima, punguza noti. Mzee asiyetaka M-Pesa ana mjukuu mwenye laini. Mlipe mjukuu mbele ya mzee, ujumbe usomwe kwa sauti, wakubaliane. Badilisha saa za kwenda, badilisha njia ya kurudi. Wanaopanga ubaya wanapenda mtu wa ratiba.

Mnunuzi wa Gongoni

Nimewasoma wote, na la Dereva limeniingia. Nilijaribu leo na simu nikiwa nimefunga mkanda, ni kweli. La mjukuu nitalianza Marafa wiki hii.

Ami Fundi, bado swali moja. Kanzu. Mfuko wake uko ubavuni na unaning'inia. Nikienda sijida kitu kizito kitagonga sakafu, au kitatoka mbele ya safu nzima. Watu hufanyaje?

Fundi Mstaafu, Shella ya Malindi

Mfuko wa kanzu usiutumie kabisa. Vaa suruali nyepesi ndani, bastola na ala yake vikae kwenye mfuko wa suruali hiyo, na kwenye kanzu fundi aache tundu la ubavuni wazi, bila mfuko, mkono upenye. Mwambie mfuko wa suruali aushone wa kaki au jinzi, mshono mara mbili, kina kipite mpini kwa vidole viwili. Kisha hakikisha bastola ni tupu, umekagua mara mbili, uvae nguo zote hizo nyumbani: rukuu, sijida, kaa kitako, inuka. Ikisogea, rudisha kwa fundi.

Lakini kama unatoka nyumbani kwenda Ijumaa tu na huna fedha za watu, iache kwenye sefu. Usiiache garini, usimpe mtu akushikie, hata ndugu yako wa damu. Cheti kina jina lako peke yako, na aliyeshika bila cheti amevunja sheria pamoja nawe.

Mnunuzi wa Gongoni

Nimeelewa ami, shukran sana. Naandika ombi la Glock 42. Jumatatu nashuka Mombasa na suruali na kanzu ndani ya mfuko, nikavae pale pale dukani kabla sijaahidi chochote, na nimuulize juu ya upatikanaji wa .380. Ceska itabaki kwenye sefu mpaka Bodi ijibu.