Kitabu cha Bake Off: kimewafaa mlioko Nairobi, au ni mimi ninayekosea?

Mama Imani, Kayole

Hamjambo wapishi wenzangu.

Nina swali ambalo limenikalia moyoni wiki tatu sasa. Nina kile kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 2010 pamoja na msimu wa kwanza wa The Great British Bake Off, lile shindano la waokaji wa nyumbani wanaopikia ndani ya hema. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza kando ya barabara ya Tom Mboya. Aliniitisha mia nane, tukavutana mpaka mia tano na hamsini. Jalada limekunjika pembe, na ukurasa mmoja una doa la siagi la mtu ambaye sitamjua kamwe. Nilikipenda papo hapo kwa sababu ya hilo doa. Maana yake kuna mtu alikipikia.

Shindano lenyewe nimelifuata kwa miaka. Nilianza kuliona kwa jirani yangu mwenye runinga ya kulipia, enzi majaji Mary Berry na Paul Hollywood wangali pamoja kwenye kituo cha BBC, kabla halijahamia kituo cha Channel 4 mwaka 2017. Fainali ya 2015 mshiriki Nadiya Hussain alipoleta ile keki ya harusi ya limau, imezungushiwa sari na kupambwa kwa vito alivyovaa kwenye harusi yake mwenyewe, mimi nililia na jirani akalia. Mwaka huo huo nikaanza kuoka za kuuza. Keki za ubatizo, za siku ya kuzaliwa, za ruracio (sherehe ya mahari), zote hapa hapa mtaani.

Sasa sikieni. Ninachokipenda zaidi kwenye shindano ni raundi ya katikati, ile ambayo washiriki hawajui wataoka nini. Wanapewa karatasi yenye maelezo yaliyokatwakatwa. Inaweza kusema "oka" na isitaje dakika wala moto. Kisha majaji wanaonja bila kujua ni ya nani. Kwenye kipindi cha kwanza kabisa walipewa keki ya Victoria, sponji mbili zilizobanana kwa jamu. Nilinunua kitabu nikiwaza: humu ndimo nitakapoona yale waliyofichwa wale washiriki. Na kweli yamo, hatua kwa hatua, na picha juu.

Nimeioka Jumamosi tatu mfululizo. Kila mara inaumuka haraka, inapita ukingo wa bati, moyo wangu unafurahi. Halafu kama dakika ya kumi na nane, nikichungulia kiooni naona katikati panashuka polepole mpaka panakuwa bonde. Nikiikata, pembeni pamekauka na kufanya ukoko, na katikati pana mstari mzito unaonata kwenye kisu. Nimepima kila kitu kwa mizani. Nimechekecha unga mara mbili. Siagi niliiacha nje usiku kucha ikalainika. Sijafungua mlango wa oveni hata mara moja.

Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, nyumbani Murang'a. Keki ninayotaka kumpelekea ni hii. Je, hivi vitabu vya mashindano vimewafaa kweli, au vimetengenezwa kwa ajili ya picha? Aliyepika kutoka humo akiwa hapa Nairobi tafadhali anijibu.

Mpishi Mstaafu, Buruburu

Dada, pole. Hujakosea, na kitabu hakijakudanganya. Kimeandikiwa jiko lililo karibu na usawa wa bahari, nawe uko zaidi ya mita 1,500 juu yake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nilijifunza kuoka kwa marehemu mamangu pale Kibokoni, keki zangu zikisimama vizuri kama matofali. Nikahamia Nairobi mwaka 1998 kufanya kazi kwenye jikoni la hoteli, na keki ya kwanza niliyooka huku ikazama mbele ya mkubwa wangu. Resipi ni ile ile, mikono ni ile ile. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikashindwa hata kula chakula cha mchana. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa jikoni aliyeniuliza swali moja: "Maharagwe kwenu yanaiva kwa muda gani?" Kila mtu wa pwani aliyehamia huku anajua maharagwe ya Nairobi yanakula makaa. Ni kwa sababu maji yetu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, wakati kule chini yanafika 100. Hewa ya huku ni nyepesi.

Hewa hiyo nyepesi ndiyo inayoangusha sponji yako. Vipovu vya beking poda havina cha kuvikandamiza, kwa hiyo vinafura upesi na vikubwa kupita kiasi. Kuta zake zinapasuka kabla unga na yai havijashikana. Huku nyuma maji yanatoka kwenye mchanganyiko kwa kasi, sukari inabaki nyingi kuliko maji, na sukari ikizidi keki inachelewa kushika. Basi inapanda, inakosa cha kujishikia, inakaa chini. Ule mstari unaonata ndio huo.

Fanya hivi. Unga wenye beking poda ndani usiutumie mtupu, maana huwezi kuupunguza nguvu. Kwa kila gramu 200, weka 130 za huo na 70 za unga wa ngano wa kawaida. Kama kitabu kinakuambia uongeze kijiko cha beking poda juu yake, achana nacho. Sukari punguza vijiko viwili vya mezani. Maziwa ongeza viwili au vitatu, mpaka mchanganyiko udondoke wenyewe ukitikisa mwiko. Moto panda kidogo, 190 badala ya 180, ili ishike mapema, na uanze kuiangalia dakika ya 18. Bati lijae nusu tu.

Na mayai. Hapa wengi hawaangalii. Uingereza yai wanaloliita kubwa lina gramu 63 mpaka 73 pamoja na ganda lake. Hebu pima ya dukani kwako uone.

Njoro, Ongata Rongai

Mpishi amesema ya jikoni, mimi niseme kama shabiki, maana swali lilikuwa pia kama vitabu hivi vinafaa.

Ninavyo viwili, hicho cha 2010 na kimoja cha misimu ya baadaye. Niliagiza kwa binamu aliyekuwa akirudi kutoka Leeds na nikalipia uzito wa mzigo, kwa hiyo havikunijia rahisi. Vilinihuzunisha. Mimi sioki sana. Nilichopenda kwenye shindano ni watu: mwalimu, daktari, mama wa nyumbani, wanaoka na mikono inatetemeka, na mwenzao akikwama wanakimbia kumsaidia kutoa keki kwenye bati. Mnakumbuka 2014, yule mshiriki ambaye aiskrimu yake iliyeyuka nje ya friza, akaitupa kwenye pipa la taka na kisha akalipeleka pipa lenyewe mbele ya majaji? Uingereza nzima ilibishana. Nilitaka kitabu kinielezee siku kama zile: ndani ya hema kulikuwaje, nani alisimama na nani aliyekuwa akilia. Nikapata gramu na nyuzi joto. Hata hicho cha baadaye kina resipi za washiriki wenyewe, lakini mtu mwenyewe humpati mle.

Kwangu kitabu kinachobeba jina la shindano kingebeba na makosa yake. Ningelipa mara mbili kwa ukurasa mmoja tu unaosema: hii keki ilimshinda fulani, na hapa ndipo ilipomshindia.

Shosh wa Kangemi

Mama Imani, usiogope kama oveni inakusumbua. Mimi nimelea watoto wanne kwa keki za sufuria. Sufuria kubwa, mchanga chini unene wa vidole viwili, kibati ndani yake, mfuniko, halafu makaa kidogo chini na mengi juu ya mfuniko. Jiko ulipashe kwanza mpaka mchanga uwe moto kabisa, usiweke keki kwenye mchanga baridi. Sina kitabu, lakini huyo wa Buruburu anasema kweli kuhusu beking poda. Tangu zamani mimi naweka nusu ya inayoandikwa kwenye pakiti.

Mama Imani, Kayole

Shikamoo Shosh, na asanteni nyote. Nimesoma majibu ya Mpishi mara nne nikiwa kwenye matatu, nikapitiliza steji yangu.

Jana nilipima mayai. La kwanza gramu 51, la pili 54, la tatu 49. Nilikaa nikiitazama mizani. Wiki tatu nzima nilikuwa nikihesabu mayai kama kitabu kilivyosema, na kumbe matatu yangu hayafikii hata mawili na nusu ya kwao. Jirani akanikumbusha kanuni ya zamani ya Waingereza kwa keki hii: pima mayai kwanza na maganda yake, kisha siagi, sukari na unga viwe uzito huo huo. Leo nikachukua manne, yakafika 207. Kutoka hapo nikapunguza sukari na kuchanganya unga kama Mpishi alivyonielekeza.

Kaka Njoro, uchungu wako nauelewa, lakini sikubaliani nawe. Mimi kwenye runinga sioni kitu cha mikono. Naona uso wa mtu, halafu muziki, halafu keki imeshatoka. Siagi na sukari zinapigwa mpaka ziweje? Kamera haikai hapo. Kitabu kinakaa hapo: mpaka zigeuke rangi ya maziwa na kuwa nyepesi. Zamani nilikuwa nikipiga dakika tatu nikiona zimechanganyika naacha. Leo nilipiga kwa mwiko wa mbao dakika kumi na mbili, mkono ukawaka moto, na kweli ile manjano ikafifia mbele ya macho yangu mpaka ikawa kama krimu. Nilimwita mwanangu aje aone. Hakuna kipindi hata kimoja kilichowahi kunionyesha jambo hilo, na nimeviona karibu vyote.

Ila nakubaliana nawe juu ya makosa. Mstari mmoja tu ungenitosha: "ikizama katikati, angalia hili na lile." Mtu anayeoka peke yake Kayole saa nne usiku hana jaji wa kumuuliza.

Sasa nitaoka kwa vile vibati viwili nilivyofuliwa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, maana ni vya kipimo kimoja. Nitawaambia.

Mpishi Mstaafu, Buruburu

Vya Kamukunji ni vizuri, vimenihudumia mimi pia. Ila angalia rangi yake. Kama ni bati jeusi linakula moto kuliko linalong'aa, kwa hiyo rudi 180 au tandika karatasi mbili chini. Na upake siagi chini tu, pembeni usipake sana. Keki inahitaji ukuta wa kukwea.

Njoro, Ongata Rongai

Dada, hiyo ya siagi kubadilika rangi imenifanya nikifungue tena kitabu changu usiku huu. Sijabadilisha mawazo kuhusu hadithi za washiriki, lakini Jumapili nitajaribu moja. Mke wangu ana mizani.

Mama Imani, Kayole

Imesimama!

Nimeitoa dakika ya 22. Juu imeviringika kidogo tu, haina bonde. Nilipoibonyeza kwa kidole ilirudi. Nimeichoma kijiti cha meno katikati kabisa, pale palipokuwa pananata, kikatoka kikavu. Nilingoja ipoe ingawa mwanangu alikuwa amesimama hapo na sahani. Nikapaka jamu ya matunda ya damu (tree tomato) niliyoipika mwenyewe, kwa sababu ya stroberi ni ghali na mamangu anapenda ukali ukali. Ndani yote ni rangi moja, vitundu vidogo vidogo, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kipande cha kwanza nimempelekea jirani, yule wa runinga. Amekula amesimama mlangoni.

Kwenye ule ukurasa wa kitabu nimeandika kwa kalamu ya risasi, pembeni: *Kayole: mayai 4, unga 137 + 70, sukari pungufu vijiko 2, maziwa 3, moto 190, dakika 22.* Sasa ukurasa una doa lake na mwandiko wangu.

Kilichobaki ni safari. Murang'a kwa matatu ni kama saa mbili hivi, na ile barabara ya kuingia kwetu ina mashimo. Mpishi, nizibandike sponji kwa jamu huku Nairobi, au nizibebe moja moja nizibandike nikifika?

Mpishi Mstaafu, Buruburu

Zibebe moja moja, kila moja ndani ya kibati chake, juu yake kitambaa safi. Jamu iende kwenye chupa. Na uombe kiti cha mbele kando ya dereva, uvipakate.