Mrejesho: nimebaki na KiCad

Wakuu habari zenu, naleta mrejesho. Niliuliza programu ipi ya bure inafaa kudizainia bodi za saketi, nataka kutengeneza chaja kontrola ndogo ya sola, mkanitajia Eagle, EasyEDA na KiCad.

Eagle niliitoa mapema, toleo la bure linakubana kwenye leya mbili (tabaka za njia za umeme) na bodi ya sentimita za mraba 80, halafu Autodesk wenye programu walishatangaza mwisho wake ni Juni 2026, sasa ya nini kujifunza kitu kinachozikwa. EasyEDA tamu kweli, unaifungua kwenye brauza tu na vipuri unavivuta toka LCSC (duka la vipuri mtandaoni) na futiprinti zake kabisa (mchoro wa pale kipuri kinapokaa na kulehemewa kwenye bodi), ila kwangu bando likikata kazi imelala.

KiCad haitaki akaunti wala leseni, inakubali leya za kopa hadi 32 (mimi za nini sasa 😂) na faili zinabaki kwenye laptop yako. Kuidaunlodi ndo shughuli, ni zito hasa. Kitu kimoja kinachanganya mwanzoni, alama ya kwenye skimatiki (mchoro wa saketi) na futiprinti ni vitu viwili tofauti unaviunganisha mwenyewe, ila ukizoea unaona raha yake, rezista ileile unaipa futiprinti ya miguu au ya SMD (kipuri cha kulehemu juu ya bodi bila matundu) bila kuchora upya. Na DRC (programu inakagua bodi kama imefuata kanuni) msiiruke kabla ya kutoa Gerber (faili za kupeleka kiwandani), mimi imenikamatia njia zilizobanana pale kwenye MOSFET (transista ya kuwasha na kuzima mkondo).

Bodi ya kwanza nachapa mwenyewe kwa pasi (kuhamishia mchoro kwenye kopa) na feriki kloraidi (kula kopa isiyotakiwa), leya moja tu. Kiwandani baadaye.